Kukitambua Kishawishi Kabla Hakijazaa Dhambi: Mwongozo wa Maisha ya Kila Siku ya Mkristo

Mafundisho ya Kikristo hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, yaani kujaribiwa na kutenda dhambi. Mkanganyiko huo huwagharimu waamini wengi, kwa sababu anayedhani kwamba wazo baya lililomjia tayari ni dhambi hukata tamaa kabla ya kupambana, na anayedhani kwamba wazo si kitu maadamu tendo halijafanyika huliacha likae mpaka limshinde. Mwongozo huu unaeleza kishawishi ni nini, kinavyokua, kinavyotambuliwa na kinavyopingwa. Hoja yake kuu ni kwamba ushindi hautegemei sana ukakamavu wa mtu katika dakika ya mwisho, bali hutegemea jinsi alivyokitambua kishawishi mapema na jinsi alivyojiandaa kabla hakijaja, akisaidiwa na neema ya Mungu na wenzake katika imani.

Maana ya kishawishi

Neno "jaribu", kama linavyotumika makanisani, hubeba maana mbili. Ya kwanza ni kupimwa kwa imani, kama Ibrahimu alivyopimwa katika sura ya 22 ya kitabu cha Mwanzo, na ndiyo maana waliyo nayo waamini wanaposema kwamba wanapitia majaribu, wakiwa na ugonjwa, msiba au ukosefu wa kazi. Ya pili ni kuvutwa kuelekea uovu, jambo ambalo Wakatoliki hasa wamezoea kuliita kishawishi, na ambalo Waraka wa Yakobo, katika mstari wa 13 wa sura ya kwanza, unakana kabisa kwamba hutoka kwa Mungu. Tukio moja linaweza kubeba maana zote mbili: ugonjwa wa mtoto usiopata nafuu ni jaribu kwa maana ya kwanza, na wazo la kwenda kwa mganga usiku, mbali na macho ya wanajumuiya, ni kishawishi kinachozaliwa ndani ya jaribu hilo. Katika mwongozo huu neno "kishawishi" litatumika kwa maana hiyo ya pili.

Kuvutwa kwenyewe si kosa. Injili ya Mathayo, sura ya 4, inasimulia jinsi Yesu alivyojaribiwa jangwani, na Waraka kwa Waebrania, katika 4:15, unafundisha kwamba alijaribiwa kama wanadamu wengine bila kutenda dhambi. Kwa hiyo Mkristo anayejiwa na wazo la wizi, la uzinzi au la kulipiza kisasi hana sababu ya kujihukumu kwa kuwa wazo limefika. Anachopaswa kujiuliza ni kama amelikaribisha.

Vyanzo vitatu na udhuru mmoja

Mapokeo ya Kanisa yanataja vyanzo vitatu vya kishawishi, navyo ni mwili, ulimwengu na Ibilisi. Martin Luther alivieleza kwa mpangilio huo katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipofafanua ombi la sita la Sala ya Bwana. Mwili, kwa maana hii, si nyama na mifupa, bali ni maelekeo yaliyo ndani ya mtu: uvivu, tamaa, ulafi, kujipendelea. Ulimwengu ni mazingira yanayomsukuma kwa maneno na mifano: ofisi ambayo asiyepokea "chai" huonekana mjinga, kijiwe ambacho asiyebeti huonekana hajui kutafuta, mtaa ambao heshima hupimwa kwa gari. Ibilisi ni adui wa kiroho ambaye, kwa mafundisho hayo, hushambulia hasa imani na tumaini, akimwelekeza mtu ama kwenye kiburi ama kwenye kukata tamaa.

Faida ya mgawanyo huu ni kwamba unamzuia Mkristo asitupe lawama zote upande mmoja. Udhuru uliozoeleka, kwamba shetani alinipitia, hufuta kwa maneno machache sehemu ya mwili na ya ulimwengu, na pamoja nazo hufuta wajibu wa mhusika. Mtu aliyechukua mkopo wa riba kubwa uitwao "kausha damu" ili aweke mkeka wa kamari alianza kwa kutamani faida ya haraka, akashawishiwa na matangazo na marafiki, kisha akaamua mwenyewe. Adui wa kiroho huenda alikuwepo, lakini kumtaja yeye peke yake kunamnyima mkosaji nafasi ya kuona mahali anapopaswa kubadilika.

Hatua za kishawishi

Waraka wa Yakobo, katika 1:14–15, unaeleza kishawishi kwa mpangilio wa uzazi: tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Katika karne ya 7, Yohane wa Ngazi, aliyekuwa abati wa monasteri ya Mlima Sinai, aliufafanua mwendo huo kwa undani zaidi katika kitabu chake kuhusu ngazi ya kumpandia Mungu, akitofautisha wazo linapogonga mlango, linapozungumzwa nalo, linaporidhiwa, na linapomteka mtu hadi kuwa mazoea. Mfano wa mhazini wa kwaya unaweza kuonyesha hatua hizo. Mhazini huyu ana shilingi laki nne za sare zilizokusanywa kwenye simu yake, ni mwezi Januari, na mtoto wake hajalipiwa ada.

Hatua ya kwanza ni pendekezo. Mhazini anafungua simu kuangalia salio lake, anaiona jumla ya fedha zote, na wazo linapita kwamba ada ingeweza kulipwa leo. Hapa hakuna kosa lolote, kwa maana wazo limekuja bila kuitwa, na kulifukuza wakati huu kunahitaji nguvu ndogo kuliko wakati mwingine wowote.

Hatua ya pili ni mazungumzo. Badala ya kufunga simu, mhazini anaanza kupiga hesabu: fundi hataanza kushona kabla ya Machi, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, na hakuna anayeuliza salio kila wiki. Kila jibu linaonekana la busara, na hatari yake iko hapo hapo, kwa kuwa swali la kama fedha hizo ni zake halipo tena mezani; limebaki swali la lini zitarudishwa. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 3, kinaonyesha kwamba anguko la kwanza lilianza pia kwa mazungumzo, ambamo agizo lililokuwa wazi liligeuzwa kuwa jambo la kujadiliwa.

Hatua ya tatu ni ridhaa, yaani moyo kukubali hata kama mkono haujafanya kitu. Mhazini amekwisha kuamua, na kinachosubiriwa ni nafasi. Kwa mafundisho ya Yesu katika Mathayo 5, ambako tamaa iliyokubaliwa moyoni huhesabiwa pamoja na tendo lenyewe, dhambi huanzia hapa.

Hatua ya nne ni tendo, ambalo mara nyingi huchukua muda mfupi kuliko hatua zote zilizotangulia: tarakimu chache, namba ya siri, ujumbe wa uthibitisho. Hatua ya tano ni mazoea, pale ambapo mara ya pili haihitaji tena mazungumzo, na ya tatu haisumbui dhamiri. Kufikia hapo mtu hajisikii akijaribiwa, kwa sababu kishawishi hakina upinzani wa kukifanya kisikike, na kukosekana kwa mapambano moyoni kunaweza kuwa dalili mbaya kuliko mapambano yenyewe.

Habari ya Daudi katika sura ya 11 ya Kitabu cha Pili cha Samweli inadhihirisha kwamba kati ya hatua moja na nyingine huwa pana milango ya kutokea. Mfalme alibaki Yerusalemu wakati jeshi lake likiwa vitani, akamwona mwanamke kutoka kwenye dari ya nyumba yake, akatuma mtu kuuliza habari zake, na akajibiwa waziwazi kwamba ni mke wa Uria. Jibu hilo lilikuwa mlango. Angeweza kuishia hapo akiwa amejaribiwa tu, lakini alituma wajumbe tena, na kuanzia hapo kila kosa lilidai kosa jingine la kulificha, mpaka Uria akauawa. Paulo anapofundisha katika 1 Wakorintho 10:13 kwamba Mungu huweka njia ya kutokea pamoja na jaribu, Mkristo anapaswa kuitafuta njia hiyo mapema, maana milango huzidi kuwa myembamba kadiri hatua zinavyosonga.

Dalili za kukitambua

Kishawishi hakiji kikijitaja. Hata hivyo kina tabia zinazojirudia, na anayezizoea hukigundua kikiwa bado katika hatua ya kwanza au ya pili.

Dalili ya kwanza ni kudai siri. Inyasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alifundisha kwamba adui wa roho hutaka shauri lake lisimfikie muungamishi wala mtu mwingine mwenye busara, kwa kuwa likifichuliwa huvunjika. Kipimo kinachofuata ni rahisi: jambo ambalo mtu asingependa mwenzi wake, mchungaji wake au mwenyekiti wa kikundi alijue lichunguzwe mara mbili kabla ya kufanywa. Mfalme Sauli, katika 1 Samweli 28, alimwendea mwanamke wa Endori usiku, akiwa amejibadilisha mavazi; giza lile na mavazi yale yalikuwa yamekwisha kumshuhudia kwamba anajua anachokifanya.

Dalili ya pili ni haraka. Kishawishi hupenda uamuzi wa sasa hivi, hasa mtu akiwa na huzuni au hasira, na ndiyo maana Inyasi aliagiza kwamba katika kipindi cha ukavu wa roho, yaani wakati sala haina ladha na Mungu anaonekana yuko mbali, mtu asibadilishe maamuzi aliyoyafanya alipokuwa na amani. Barua ya kuacha utume, ujumbe mkali kwa ndugu, au uamuzi wa kuvunja uchumba usiandikwe saa hiyo.

Dalili ya tatu ni lugha ya kupunguza na kulinganisha. Maneno kama "mara moja tu", "nitarudisha" na "hakuna anayeumia" hulipunguza kosa mpaka lionekane jepesi, na maneno kama "kila mtu anafanya" hulifanya lionekane la kawaida. Methali isemayo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake imegeuzwa maofisini kuwa ruhusa ya kula cha umma, na Mkristo anayejisikia akiinong'ona moyoni kabla ya kutia sahihi hati ajue kwamba tayari yumo katika mazungumzo.

Dalili ya nne ni vazi la wema. Jangwani, Ibilisi mwenyewe alitumia maneno ya Zaburi ya 91 kumshawishi Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, na kwa hiyo kishawishi kinachonukuu Maandiko si ajabu. Mfano wa kila siku ni umbea unaovaa sura ya ombi: mwanajumuiya anafichua ugomvi wa ndoa ya jirani, pamoja na mambo madogo yasiyohitajika kabisa katika sala, kisha anahitimisha kwa kusema kwamba wamwombee. Kama nia ilikuwa sala, jina na haja vingetosha.

Dalili ya tano ni hali ya mwili na saa ya siku. Evagrio wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika kwamba pepo wa akedia, yaani uchovu wa roho unaomfanya mtu achoke na kazi yake, mahali pake na wenzake, humshambulia mtawa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na hesabu yake ya saa, inayoanzia mapambazuko, ni ileile ya Waswahili. Maana yake ni kwamba kishawishi kina ratiba. Mwingine hushambuliwa siku ya mshahara, mwingine safarini akilala nyumba ya wageni, mwingine saa sita usiku akiwa na simu kitandani, mwingine mara baada ya mahubiri yaliyosifiwa. Yesu alijaribiwa kwa mkate akiwa na njaa ya siku arobaini, na Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba kufa akiwa amechoka. Malaika hakumkemea, bali alimpa chakula na kumwacha alale, fundisho kwamba usingizi na mlo ni sehemu ya mapambano ya kiroho.

Maandalizi ya kabla

Kazi kubwa ya kupinga kishawishi hufanyika wakati hakipo. Ya kwanza ni kuchunguza dhamiri kila jioni, kwa njia ya hatua tano iliyoachwa na Inyasi: kumshukuru Mungu kwa ajili ya siku, kuomba mwanga wa kujiona kwa ukweli, kuzipitia saa za siku moja baada ya nyingine, kuomba msamaha, na kuazimia marekebisho ya kesho. Inyasi alipendekeza pia uchunguzi wa kosa moja mahususi, ambapo mtu huchora mistari ya siku za juma na kutia alama kila anapoanguka katika kosa hilo, kisha hulinganisha siku na siku, juma na juma. Njia hii inaweza kuonekana kavu, lakini baada ya majuma machache humwonyesha mtu saa, mahali na watu vinavyomwangusha.

Ya pili ni kuondoa nafasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa nyingi za maisha ya leo huzibwa kwa mipango ya kawaida kuliko kwa juhudi za moyo. Fedha za kikundi ziwekwe kwenye akaunti yenye watia sahihi wawili au kwenye laini isiyotumika kwa mambo binafsi, na salio lisomwe mbele ya wanakikundi kila mkutano. Simu ilale sebuleni. Anayejitahidi kuacha pombe abadilishe njia ya kurudi nyumbani. Anayebeti afute programu za kubeti na, akiweza, mshahara wake upangwe na mwenzi wake mara unapoingia. Hatua hizi hazionyeshi upungufu wa imani. Zinatokana na unyenyekevu wa mtu anayejijua.

Ya tatu ni kuandaa majibu. Majibu yote matatu ya Yesu jangwani yanatoka katika sura ya 6 na ya 8 za Kumbukumbu la Torati, jambo linaloonyesha kwamba yalikuwa ndani yake kabla ya saa ile. Evagrio alifuata mfano huo kwa kukusanya mamia ya vifungu vya Maandiko katika kitabu kilichopangwa kwa aina nane za mawazo mabaya, ili mtawa awe na neno la kujibu kila wazo linapokuja. Mkristo wa kawaida hahitaji mamia. Inamtosha kuchagua vifungu viwili au vitatu vinavyogusa udhaifu wake na kuvishika kwa moyo.

Kila kishawishi na dawa yake

Aina hizo nane za Evagrio zilikuwa ulafi, uasherati, uchu wa mali, huzuni, hasira, akedia, majisifu na kiburi. Mwanafunzi wa mapokeo hayo, Yohane Kasiano, alizipeleka Magharibi katika karne ya 5, na Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alizipanga upya hadi zikawa msingi wa orodha ya dhambi saba kuu, ambazo katekisimu huziita pia vichwa vya dhambi kwa kuwa huzaa nyingine. Hekima kubwa ya mapokeo haya ni kwamba vishawishi havipingwi kwa njia moja, na kutumia dawa ya kimoja kwa kingine kunaweza kumdhuru mtu.

Tamaa ya mwili hupingwa kwa kukimbia. Yusufu, katika Mwanzo 39, hakubaki kujadiliana na mke wa Potifa, bali aliacha vazi mkononi mwake akatoka nje, na Paulo anaagiza kuikimbia zinaa katika 1 Wakorintho 6:18. Anayejipima kama ataweza kukaa karibu na kishawishi cha aina hii bila kuanguka amekwisha kuanza kushindwa.

Akedia, kinyume chake, hupingwa kwa kubaki. Mtu aliyechoka na ndoa, na kazi au na utume wake hushawishika kuamini kwamba mahali pengine kila kitu kingekuwa tofauti. Mababa wa jangwani walimshauri mtawa wa namna hiyo asitoke chumbani mwake, bali adumu katika sala fupi na kazi ya mikono mpaka wimbi lipite.

Uchu wa mali hupingwa kwa kutoa, na kutoa huko kuwe kwa utaratibu na kwa kiasi kinachohisiwa mfukoni, kwa kuwa mkono uliozoea kufunguka hauwi mwepesi kukwapua. Hasira hupingwa kwa kuchelewesha ulimi na kuwahisha upatanisho, kama Waefeso 4:26 inavyoagiza kwamba jua lisizame juu yake. Majisifu hupingwa kwa kufanya wema fulani ambao hakuna atakayeujua, kusiwe na picha wala tangazo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Kiburi, ambacho hukua hata kwa ushindi dhidi ya vingine vyote, hupingwa kwa kukubali kuonywa, na hasa kuonywa na mtu aliye chini kwa cheo au umri.

Kukileta kishawishi nuruni

Waraka wa Yakobo, katika 5:16, unaagiza waamini waungamiane dhambi na kuombeana, na Afrika Mashariki ina historia yake ya kulitii agizo hilo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao katika miaka ya 1930 ulienea kutoka Gahini nchini Rwanda hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwakusanya ndugu katika ushirika mdogo mdogo ambamo kila mmoja alieleza waziwazi anakoshindwa, desturi waliyoiita kutembea nuruni. Wakatoliki wana sakramenti ya kitubio, na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, huwapa waamini mahali pa kufahamiana kwa majina.

Pamoja na hayo busara inahitajika. Si kila jambo la kusemwa mbele ya kundi, na ungamo linalotaja dhambi ya mtu mwingine humwaibisha asiyekuwepo. Mkristo achague mtu mmoja aliyekomaa, mwenye kifua cha kutunza siri, wa jinsia yake pale jambo linapohusu mwili, na amwambie wakati wazo likiwa bado wazo, pengine kwa ujumbe mfupi usemao kwamba usiku huu ni mgumu, naomba uniombee.

Mipaka inayopaswa kuheshimiwa

Yapo mambo mawili ambayo si haki kuyashughulikia kama kishawishi cha kawaida. La kwanza ni uraibu, yaani hali ambayo mwili na akili vimefungwa na pombe, dawa za kulevya, kamari au picha za ngono kiasi kwamba mtu anataka kuacha na hawezi. Kumwambia mtu huyo aombe zaidi, bila kumfikisha kwa daktari, mshauri nasaha au kikundi cha wanaosaidiana kuacha, ni kumwongezea aibu juu ya ugonjwa. Sala na tiba havishindani.

La pili ni shinikizo la mwenye mamlaka. Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu, au mtafuta kazi anayeambiwa na bosi, kwamba atoe mwili wake ili apate haki yake, anatendewa uovu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inalihesabu tendo hilo la mwenye mamlaka kuwa kosa la jinai, na njia ya kulipinga ni pamoja na kuripoti TAKUKURU, taasisi ya nchi hiyo ya kuzuia na kupambana na rushwa. Jumuiya ya Kikristo inayomhoji mwathirika kuhusu mavazi yake, huku ikimwachia mkosaji kiti chake cha mbele, imeshindwa na kishawishi chake yenyewe, ambacho ni kuwaogopa wakubwa.

Baada ya kuanguka

Anayeanguka hukabiliwa mara moja na kishawishi cha pili, nacho ni kukata tamaa, kinachomwambia kwamba kwa kuwa ameshindwa hana sababu ya kuendelea kujitahidi. Petro na Yuda wote wawili walimkosea Bwana wao usiku mmoja, na wote wawili walijuta. Tofauti yao ni kwamba Petro alibaki miongoni mwa wenzake mpaka alipokutwa na Yesu aliyefufuka, naye Yuda alijitenga na majuto yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza baada ya kuanguka ni kutojitenga: mtu arudi kwenye sala siku hiyohiyo, ahudhurie ibada ya Jumapili inayofuata, na aende kuungama kama ni desturi ya kanisa lake.

Kanuni ya pili ni kurudisha. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani mwake, bali aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu na kuwapa maskini nusu ya mali yake. Mhazini wa mfano uliotolewa awali, ikiwa alizitumia zile laki nne, toba yake haitimii kwa machozi ya ibadani. Inatimia anapomweleza mwenyekiti, anapopanga marejesho, na anapokubali kukabidhi dhamana hiyo kwa mwingine. Kanuni ya tatu ni kurudi nyuma kuchunguza, si tendo tu, bali mazungumzo yaliyotangulia na pendekezo lililoyaanzisha, ili mlango uliopitwa safari hii ujulikane safari ijayo.

Namna ya kuanza

Msomaji anayetaka kuuweka mwongozo huu katika matendo asianze na vishawishi vyote, kwa kuwa anayepigana na vyote kwa wakati mmoja huchoka upesi. Achague kimoja kinachomsumbua zaidi, aandike saa na mahali kinapomjia, aandike maneno kinayoyatumia kumshawishi, achague kifungu kimoja cha Maandiko cha kukijibu, aondoe nafasi moja inayokipa nguvu, na amtafute mtu mmoja wa kumwambia kabla juma halijaisha. Kisha kila jioni ajichunguze mbele za Mungu juu ya jambo hilo peke yake kwa mwezi mzima, akishukuru kwa kila mara alipokikataa mapema, na akiomba msamaha bila kuzunguka pale alipoanguka. Waebrania 4:16 inawaalika waamini kukiendea kiti cha neema kwa ujasiri ili wapate msaada wakati wa mahitaji, na wakati huo haungojei mpaka mtu awe ameanguka: unaanza pale wazo linapogonga mlango kwa mara ya kwanza, na sala ya maneno machache ikisemwa wakati huo ina manufaa makubwa kuliko majuto marefu ya baadaye.